Elfu sabini na tano na video za matanga: nilivyochagua kompyuta ya kuhariria

Kinachonilipia kodi hapa Kondele, Kisumu, ni matanga. Harusi zipo, mahafali ya shule yapo, na kwaya za kanisa huniita Krismasi ikikaribia, lakini kazi isiyokauka ni familia inayotaka safari ya mwisho ya mzee ihifadhiwe yote, tangu mwili unapotoka mochari hadi wageni wanapokula, na hotuba ya kila mkwe ikiwemo. Naanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kompyuta za video hutoka kwa watu wanaotengeneza filamu za dakika tano. Mimi narudi kutoka Ugenya au Bondo Jumamosi usiku na kamera mbili, kila moja imerekodi saa tatu, na wajukuu walio ng'ambo wameshaanza kuuliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kama video iko tayari.

Kamera yangu ni Sony a6400, niliyoipenda kwa sababu haikatizi rekodi ikifika nusu saa. Kwenye 4K, ile video yenye pikseli nyingi, inaandika megabiti 100 kila sekunde, yaani megabaiti 12 na nusu, na kwa saa nzima hiyo ni gigabaiti 45. Kamera mbili kwa saa tatu: gigabaiti 270. Laptopu niliyokuwa nayo ilimudu picha vizuri tu, ila nikisogeza video mbele kidogo kutafuta mahali padri alipoanza mahubiri, inaganda, halafu inaruka hadi mahali nisipopataka. Zamu yangu ya chama, kikundi chetu cha kuweka akiba, ilipofika nikawa na shilingi 75,000 mkononi, na hizo zilitakiwa kununua kila kitu, monita na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ndani yake.

Programu ya kuhariria haikuwa kwenye bajeti hiyo. Nilikuwa tayari na leseni ya DaVinci Resolve Studio, ambayo ni dola 295 unazolipa mara moja na kumaliza. Kulipa kila mwezi kwa dola wakati mapato yako yanakuja kwa msimu ni mateso. Toleo la bure la Resolve nalo ni zuri na linatoa video hadi 4K, kwa hiyo anayeanza asijinyime usingizi. Nililipia Studio kwa sababu inatumia kikamilifu sehemu ya chipu iliyotengenezwa mahsusi kufungua video za H.264 na H.265, njia mbili za kubana video, na sehemu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu katika ununuzi wangu.

Video ya kamera ndogo au ya simu haihifadhi kila fremu nzima. Inaandika fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Ni sawa na daftari la chama ambalo mweka hazina ameandika walioweka na waliotoa bila kujumlisha: ukitaka kujua salio la katikati ya ukurasa, lazima uanzie juu na upige hesabu mstari kwa mstari. Ndiyo maana kompyuta inaganda unaporuka huku na huku kwenye video. Diski yenyewe haina hatia hapo. Megabaiti 12 na nusu kwa sekunde hata diski ya zamani ya kuzunguka inaziweza. Kinachochoka ni yule anayepiga hesabu, na kwenye prosesa nyingi za Intel kuna kijisehemu kidogo kando ya viini vikuu ambacho kazi yake ni hiyo tu. Kinaitwa Quick Sync.

Kijisehemu hicho hakifanani kizazi kwa kizazi. Kilianza kufungua H.265 kwenye prosesa za kizazi cha sita, na H.265 ya biti 10, yenye vivuli vingi zaidi vya rangi, kwenye kizazi cha saba. Unaweza kusema wewe kamera yako ni ya H.264, H.265 inakuhusu nini. Inakuhusu, kwa sababu hakuna matanga ambayo binamu hakupiga kwa iPhone. Simu hizo nyingi hurekodi H.265 usipobadilisha mipangilio, na kuanzia iPhone 12 video za HDR (zinazoshika mwanga mkali na giza pamoja) ni za biti 10. Familia itakuletea klipu hiyo, itasisitiza iingie, na kwa kawaida ndiyo pekee iliyonasa shangazi akizirai.

Kwa hiyo niliingia maduka ya Oginga Odinga Street nikiwa na flash. Ndani yake niliweka klipu ya kamera yangu, klipu ya iPhone ya mteja mmoja aliyeniruhusu, picha kadhaa za RAW (faili ghafi za kamera), na VLC, programu ya kuchezea video, ile isiyohitaji kusakinishwa.

"Boss, hii ni i7," muuzaji wa kwanza aliniambia kabla sijaketi. Naam, ilikuwa i7. Ilikuwa i7-4790, prosesa ya mwaka 2014. Ukisikia i7, macho yako yaende kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari (au mbili za kwanza, namba ikiwa na tarakimu tano), kwa sababu hiyo ndiyo inayotaja kizazi. 4790 ni kizazi cha nne, 8700 ni cha nane. Prosesa ya i5-8500 ya mwaka 2018, ambayo muuzaji ataitaja kwa sauti ya chini kana kwamba anaomba radhi, ina viini sita, na ile i7 ya 2014 ina vinne. Tena ile ya 2014 haina uwezo wa kufungua H.265 kwenye chipu yake. Kibandiko cha i7 kinang'aa vilevile kwenye zote.

Nilijiwekea kwamba sishuki chini ya kizazi cha nane kwa sababu nyingine pia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache sana. Watu wanaipachika kwenye mashine za zamani kwa ujanja, najua, na fundi yeyote mjini atakufanyia. Mimi ninahifadhi video za watu waliolipa. Sitaki mashine ambayo sasisho moja linaweza kuilaza.

Kishawishi kikubwa kilikuwa HP Z440. Ni mashine ya kazi nzito, sanduku kubwa lenye prosesa ya Intel iitwayo Xeon ndani na sanduku la umeme la wati 700, na bei yake ikiwa ex-UK (iliyotumika Uingereza) inakaribia sana ya kompyuta za kawaida za ofisini. Fundi ninayemwamini, mzee mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, ndiye aliyenitajia. Tulikwenda naye kuiona. Alipofungua ubavu wake nikaona jinsi kila kitu kilivyopangwa vizuri ndani, hata mimi nikaitamani.

"Jaduong', hii si ndiyo yenyewe?" nikamuuliza.

"Omera, chomeka flash yako kwanza."

Tukafungua Task Manager ya Windows, inayoonyesha mzigo wa kompyuta, kwenye ukurasa wa Performance, tukaiweka kando ya skrini, halafu tukacheza klipu ya iPhone. Xeon ya aina ile haina kadi ya picha ndani yake, maana yake haina Quick Sync. Kadi iliyokuwa imechomekwa ilikuwa Quadro K2200, ambayo H.264 inaifungua ila H.265 haijui kabisa. Mzigo wote ukaangukia viini vya prosesa. Mstari wa CPU ukapanda mlima, feni zikaanza kuvuma, na ile ilikuwa klipu moja tu inacheza, bila rangi wala maandishi juu yake. Tukahamia meza ya pili palipokuwa na Dell OptiPlex 7060, i7-8700, sanduku la kawaida lisilovutia mtu. Klipu ileile. Chini ya GPU (kadi ya picha), kigrafu kilichoandikwa Video Decode kikapanda kidogo na kutulia, na CPU ikabaki chini kana kwamba hakuna kinachoendelea. Mzee hakusema neno. Alifunga ubavu wa Z440 na kurudisha skrubu yake.

Simaanishi Z440 ni mbaya. Ukiitoa ile kadi na kuweka ya kisasa, utakuwa na mashine ya nguvu kweli, na anayefanya michoro ya 3D huenda akaipenda kuliko yangu. Lakini kadi hiyo ingekula pesa ya monita, na tokeni za stima ni zangu mwenyewe.

Nilichukua OptiPlex, ile ya sanduku refu. Zipo ndogo za kulala ambazo huuzwa bei nafuu kidogo, nzuri kwa saiba, ila ndani hazipokei kadi ya picha isipokuwa ile fupi ya nusu kimo. Na Resolve inataka kadi ya picha. Quick Sync inafungua video, sawa, lakini kupaka rangi na kupunguza chembechembe za gizani ni kazi ya kadi, na kadi iliyo ndani ya Intel ya kizazi hicho haiwezi kuibeba hiyo kazi kwa 4K. Nilitafuta GTX 1650 ya GB 4 iliyotumika. Kuna jambo la kuangalia hapo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kadi hiyo hula wati 75, na tundu la PCIe kwenye bodi lina uwezo wa kutoa wati 75 hizohizo, kwa hiyo nyingi hazihitaji waya wa ziada. Baadhi ya matoleo, hata hivyo, yana tundu la pini sita, na sanduku la umeme la OptiPlex halina waya wa kulilisha. Huwezi pia kulibadilisha kwa sanduku lolote la sokoni, kwa sababu viunganishi vya Dell ni vyao wenyewe. Niligeuza kadi nikaikagua ukingoni kwa kidole kabla ya kutoa M-Pesa.

RAM ilikuja na kijiti kimoja cha GB 8. Niliongeza hadi 16, vijiti viwili vinavyofanana ili vifanye kazi kwa jozi. Watengenezaji wa Resolve wenyewe wanataja GB 16 kuwa ndiyo kiasi cha kuanzia, na 32 kwa anayetumia Fusion, sehemu yake ya kutengeneza madoido. Bodi ina matundu manne, kwa hiyo mawili yanangoja siku ya neema.

Diski ndipo sikubana pesa. Mashine ilikuwa na diski ya kuzunguka ya zamani, na programu ya CrystalDiskInfo ikaonyesha imekaa ikiwaka saa nyingi mno ofisini kwa watu huko Uingereza. Ilikuwa bado inaonyesha rangi ya bluu, afya njema. Sikujali, niliitoa. Mazishi hayarudiwi. Niliweka NVMe, SSD ya kasi zaidi isiyo na sehemu ya kuzunguka, ya GB 500 kwa ajili ya Windows, programu na faili za muda za Resolve, SSD ya kawaida ya terabaiti 1 kwa kazi iliyo mezani wiki hiyo, na diski mpya ya kuzunguka ya terabaiti 4 kwa kuhifadhi. Kazi ya sasa inakaa kwenye SSD kwa sababu kamera mbili na sauti zikisomwa kwa pamoja, kichwa cha diski ya kuzunguka kinahangaika huku na huku. Nakala ya pili inakwenda kwenye diski ya nje ambayo haikai chumba kimoja na kompyuta. Kisoma kadi nacho kiwe cha USB 3. Cha USB 2 kinasukuma kama megabaiti 35 kwa sekunde, na zile gigabaiti 270 zitakukalisha zaidi ya saa mbili ukitazama mstari wa kijani.

Kwa monita nilikaa muda mrefu kuliko kwa mashine yenyewe, na naona ndiyo sawa. Huku kwetu tenti za matanga na harusi ni za rangi, na jua la saa saba likipita kwenye tenti ya bluu linamwagia kila mtu bluu usoni. Ngozi nyeusi ikishapata bluu hiyo inageuka kama majivu, na kuirudisha kunahitaji jicho linaloona ukweli. Nilibeba picha moja niliyoichapisha studio na kuiridhia, ya nyanya mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akiwa amekaa ukingoni mwa tenti, nusu ya uso juani na nusu kivulini, pamoja na faili yake kwenye flash. Dukani niliomba zifunguliwe monita mbili kando kwa kando. Kwenye ya kwanza, ya inchi 22 na skrini ya aina ya TN, kitambaa kilikuwa cheupe nikiwa nimekaa wima. Nilipoinama kidogo kikawa cha manjano, nikisimama kinafifia na shavu la kivulini linapotea kabisa. Ya pili ilikuwa HP Z24i, ya skrini ya aina ya IPS, pikseli 1920 kwa 1200, imechubuka pembeni na mguu wake unalegea. Nilisimama, nikainama, nikaenda kando. Nyanya hakubadilika. Nikainunua hiyo, na mguu nimeukaza kwa skrubu.

Mwangaza wake niliushusha sana, karibu nusu, hadi karatasi nyeupe iliyowekwa kando ya skrini chini ya taa ya chumba ionekane inalingana nayo. Monita inayowaka kupita kiasi inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, kisha studio inakuletea watu gizani.

Kwa picha pekee, bila video, bajeti hii ingekuwa kubwa mno. RAW ya megapikseli 24 haiitesi mashine ya kizazi cha nane, darktable, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, na hata kadi ile ya picha ungeweza kuisahau kwa muda. Mpiga picha wa pasipoti na mahafali anunue IPS nzuri na SSD kwanza, mengine yafuate.

Kabla ya kuipeleka nyumbani, mzee wa Kibuye aliinua feni ya prosesa na kunionyesha ile pesti ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka ikawa unga. Alisafisha kwa spiriti, akapaka mpya, akapuliza vumbi kwa blowa nje ya kibanda. Joto la Kisumu si la ofisi ya Uingereza, na prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe bila kukuambia. Wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, ilikuwa inagonga nyuzi 90. Baada ya pesti ikashuka hadi sabini na kitu. Hiyo kazi ilikuwa ya bei rahisi kuliko kitu kingine chochote nilicholipia.

Stima ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofanya kazi. Nilinunua UPS ya VA 650, na watu husikia 650 wakadhani wamenunua jenereta. Betri iliyo ndani ni ya volti 12, saa-ampea 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na kompyuta yangu ikirenda pamoja na monita inakaribia wati 200. Umeme ukipotea nina dakika chache, za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Kwa hiyo sirendi matanga yote kwa mpigo. Ibada ya kanisani peke yake, hotuba za familia peke yake, za wanasiasa peke yake (hizi huwa ndefu kuliko ibada), kaburini peke yake, halafu naziunganisha mwishoni bila kurenda upya. Stima ikikatika saa nane usiku, nimepoteza sehemu moja. Na jioni radi zinapoanza kutoka upande wa ziwa, nachomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa intaneti. UPS haizuii radi, hata muuzaji akuambie nini.

Kitu ambacho mashine hii haikiwezi ni kamera ya mwenzangu. Tunashirikiana kwenye harusi kubwa, na yeye ana Canon R6, ambayo akiiweka kwenye Canon Log (rangi zilizofifishwa ili zipakwe baadaye) inarekodi H.265 ya biti 10 kwa 4:2:2, yenye taarifa zaidi za rangi. Quick Sync ya kizazi cha nane haiifungui, na GTX 1650 nayo haiifungui. Kwa upande wa Intel, ungehitaji kompyuta ya mezani ya kizazi cha 11 kwenda juu, isiyo na herufi F mwishoni, maana hizo hazina kadi ya ndani. Kwa hiyo tumekubaliana: kwenye matanga anarekodi kwa hali ya kawaida, ya H.264, ananung'unika na kuzoea. Kwenye harusi ambayo bibi harusi anataka rangi za filamu, namwachia afanye atakavyo, nikifika nyumbani naiagiza Resolve itengeneze nakala nyepesi za video zote, nalala, asubuhi nahariri kwa hizo nakala na kurudi kwenye za asili wakati wa kurenda tu. Usiku mzima wa stima na siku moja ya kuchelewa vinaingia kwenye bei, na mteja huambiwa kabla hajalipa deposti.